Greda Hili Lilikaa na Nani?

Tangazo lenyewe huwa fupi. Greda la Caterpillar 140G, injini iko sawa, rangi mpya, tairi bado zina nguvu, bei ni maelewano. Chini yake picha tatu: moja ya mbele, moja ya ubavuni, moja ya ndani ya kebini, kiti kikiwa kimefunikwa shuka. Nimeandika matangazo ya aina hii mengi kuliko insha. Ukiacha chuo mwaka wa tatu na unajua kupanga maneno, huchagui kazi, na madalali wa mashine wana uzuri wao: hulipa siku hiyo hiyo.

Sasa lisome tangazo hilo kama mtu wa historia. Aina hiyo ya 140G ilianza kutengenezwa mwaka wa 1973 na ikaachwa 1995. Maana yake ni kwamba la mwisho kutoka kiwandani lina miaka thelathini hivi, na la kwanza limepita hamsini. Kuna mengi yaliyonizidi umri, na bado yanatafutiwa wanunuzi Mombasa, Nairobi na Eldoret kila wiki. Lakini tangazo halisemi lilifanya kazi nchi gani, nani alikuwa anapaka grisi asubuhi, wala kwa nini mwenyewe analiuza. Linakwambia rangi. Wahenga walishasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na hakuna kinachojitembeza kama rangi mpya ya manjano.

Nataka kueleza haya magreda kuukuu yametufikiaje, na kwa nini mengine yanafanya kazi miaka arobaini huku mengine yakiota nyasi nyuma ya ofisi. Nikiangalia miaka mia moja na kitu ya barabara zetu, naona tumekuwa tukiuliza bei ya chombo kabla ya kuuliza nani atakitunza. Mara zote hizo tumelipa, na waliolipa zaidi si wale waliotia sahihi.

Tuanze na greda lenyewe. Adui mkubwa wa barabara ya udongo ni maji. Maji yakisimama katikati ya njia, gari la kwanza linachimba, la pili linapanua, la kumi linakwama. Kazi ya greda ni kuipa barabara mgongo. Ule upanga mrefu wa chuma ulio tumboni mwake, ambao mafundi wetu huuita bledi, hulazwa kwa mshazari ukakwangua udongo pembeni na kuusogeza katikati, ili mvua ikinyesha maji yateleze kwenda mitaroni. Tingatinga husukuma na kubomoa. Greda hukwangua kidogo kidogo, na opareta mzuri hupimwa kwa vidole, sentimita kwa sentimita.

Mwaka wa 1885, Mmarekani aitwaye Joseph D. Adams wa Indiana alitengeneza greda la kukokotwa na wanyama lenye magurudumu yanayoinama. Linaonekana jambo dogo, lakini ndilo lililofungua njia. Bledi ikisukuma udongo upande huu, udongo nao unaisukuma mashine upande ule. Gurudumu likiinama, linakataa kuteleza. Simama leo kando ya greda lolote likiwa kazini uangalie magurudumu ya mbele: bado yanainama vile vile.

Injini ilikuja baadaye. Karibu na mwaka wa 1920 kampuni ya Russell ya Minneapolis ilichukua trekta dogo ikalifungia bledi, likawa greda linalojiendesha lenyewe. Caterpillar iliinunua Russell mwaka wa 1928, na 1931 ikatoa mashine iliyoundwa tangu mwanzo kuwa greda, si trekta lililovishwa bledi. Injini ilikaa nyuma, opareta akawa na nafasi ya kuona kazi yake mbele. Mwaka wa 1938 likaja lile lililoitwa Nambari 12, na umbo lake ukiliona leo utalitambua bila kuambiwa.

Hapo ndipo biashara ya magreda kuukuu ilipopata mizizi. Simu ya miaka arobaini iliyopita ni takataka. Greda la miaka arobaini iliyopita linafanya kazi ile ile inayofanywa na jipya, kwa umbo lile lile, kwenye udongo ule ule. Hilo 140G la 1973 liliongeza fremu inayojikunja katikati na mitambo ya haidroliki ya kuinua na kugeuza bledi. Lina injini ya silinda sita, nguvu za farasi 150, uzito wa karibu tani 14 na bledi ya futi 12. Pampu yake ya dizeli haina kompyuta. Fundi mwenye spana na akili anaweza kuifungua chini ya mti. Kampuni hiyo hiyo ilipotoa magreda ya vijiti badala ya usukani, kuanzia 2007, mitambo ya umeme ilikuwa imeshaingia ndani sana, na fundi wa chini ya mti akabaki anatazama taa zikiwaka.

Kwa hivyo anayenunua kuukuu si mjinga. Jipya linagharimu makumi ya mamilioni ya shilingi. Kuukuu linaeleweka na linafunguka. Shida inaanza pale tunapodhani kwamba kitu kinachoweza kutengenezwa kitatengenezwa.

Kabla magreda hayajatufikia, barabara za Kenya zilikuwa na mashine nyingine, nayo ni mikono ya watu. Sheria ya wakuu wa vijiji ya 1902, na ile ya mamlaka ya wenyeji ya 1912 iliyoifuata, zilimpa chifu na mzee wa kijiji uwezo wa kuwatoa watu wakafanye kazi za jumuiya, barabara ikiwa ya kwanza kwenye orodha. Ilikuwa hadi siku 24 kwa mwaka bila malipo. Mwanamke alibeba jembe la nyumbani kwake, chakula chake, na mara nyingi mtoto mgongoni, akaenda kufyeka na kusawazisha njia ambayo gari la kupita pale hakuwa nalo yeye wala jirani yake.

Harry Thuku alipoanza kuhutubia watu mwaka wa 1921, kazi ya kulazimishwa ya wanawake na wasichana ilikuwa kati ya malalamiko aliyoyashika, pamoja na kipande, kodi na mishahara iliyokatwa. Alipokamatwa, umati ulikusanyika Nairobi, na tarehe 16 Machi 1922 polisi wakaufyatulia risasi. Zaidi ya watu 20 waliuawa, akiwemo Mary Muthoni Nyanjiru, aliyewakabili wanaume waliotaka kurudi nyuma. Miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, wanawake wa vijiji vilivyozungushiwa mahandaki walitolewa tena kwenye matuta na barabara kwa amri.

Naweka haya hapa kwa sababu yanaeleza kitu ambacho wahandisi wengi hukilalamikia: kwamba raia wa Kenya akiona mtaro umeziba mbele ya boma lake, anaupita. Atasema barabara ni ya serikali. Watu wanaita uvivu. Mimi naona hapo kumbukumbu ndefu. Kwa miongo mingi kuzibua mtaro kulikuwa adhabu, na anayelazimishwa kutunza kitu hakipendi.

Mashine zilipoanza kuja kwa wingi Afrika Mashariki, zilikuja baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na nyingi zilikuja zikiwa zimeshatumika. Jeshi la Marekani lilikuwa limetapakaza mitambo kila pembe ya dunia. Vita vilipoisha, kuirudisha kwao kulikuwa gharama, basi ikauzwa ilipo. Ukitaka kujua maana ya kununua mitambo kuukuu bila kuiuliza historia yake, nenda Kongwa, katikati ya Tanganyika, mwaka wa 1947.

Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kupikia. Bosi mmoja wa United Africa Company, Frank Samuel, alitoa wazo mwaka wa 1946 kwamba Tanganyika ina ardhi tupu ya kulima karanga. Tupu kwa macho yake, maana Wagogo walikuwepo na mifugo yao, na waliijua mvua ya pale jinsi inavyodanganya. Serikali ya London ilikubali mpango wa zaidi ya ekari milioni 3, kwa paundi milioni 25 hivi. Mwaka wa kwanza walitaka ekari 150,000 zifyekwe.

Viwanda vya matrekta na matingatinga vilikuwa na foleni ndefu ya wanunuzi. Wakanunua masalio ya jeshi, mengi kutoka Ufilipino, yakiwa yamekaa kwenye joto na mvua. Yalipakiwa, yakavuka Bahari ya Hindi hadi Dar es Salaam, bandari iliyokuwa ndogo kwa kazi hiyo, yakapandishwa reli ya njia moja kwenda bara. Yalipofika, karakana ilikuwa haijawa karakana. Spea zilikuwa za aina mchanganyiko, na nyingine hazikuwepo kabisa. Mashine zilikuwa zimesuguliwa tayari na vita, na sasa zilikutana na mizizi ya mibuyu na udongo wa mfinyanzi ambao wakati wa kiangazi hukauka kama saruji. Kabla mwaka huo haujaisha, theluthi mbili ya mitambo iliyoletwa ilikuwa imelala. Ekari zilizopandwa msimu ule wa kwanza hazikufika hata 10,000. Walijaribu hata kugeuza vifaru vya kivita vya Sherman kuwa matrekta.

Januari 1951 mpango ukafungwa. Hasara iliandikwa kuwa paundi milioni 36 na zaidi, fedha za walipa kodi wa Uingereza, na ardhi iliyopoteza miti yake ilibaki na Wagogo.

Mara nyingi kisa cha Kongwa husimuliwa kama kichekesho cha wakoloni wasiojua mvua, na kweli hawakuijua. Ila mimi nakisoma kama kisa cha mnunuzi wa mitambo kuukuu. Aliambiwa bei, akaona idadi, akatia sahihi. Hakuna aliyeuliza kila trekta lilifanya kazi gani kule Ufilipino, wala fundi wa kulifungua akiwa Kongwa ni nani na ana kabati gani la spea. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na hivyo vilikuwa vitanda vya jeshi zima.

Upande wa Kenya, Caterpillar ilikuwa ikiuzwa na Gailey & Roberts, kampuni ya Nairobi ya tangu mwanzoni mwa karne ya 20, ambayo ilikuja kuwa chini ya hiyo hiyo United Africa Company ya Frank Samuel. Baada ya uhuru, magreda ya wizara ya ujenzi yalitoka kwa kila rafiki aliyetupatia mkopo au msaada. Mwingereza alikuja na Aveling-Barford, Mjapani na Komatsu au Mitsubishi, na Mmarekani na la kwake. Msaada wa namna hiyo mara nyingi ulikuwa na kamba: pesa inunue kwa aliyeitoa. Kwa mtu wa stoo, hii ilimaanisha rafu tano za spea zisizoingiliana. Greda likikosa sili moja ya haidroliki linasimama, na likisimama miezi sita, jirani yake mzima anatoa kitu kwake, huyu anatoa kitu kwa yule, na mwisho wa yote unabaki na mifupa. Mafundi wana neno lao wakiliona greda la namna hiyo: wanasema limeliwa.

Oktoba 1973, mwaka ule ule 140G lilipotoka kiwandani, nchi za Kiarabu zilipunguza mafuta na bei ya dizeli duniani ikaruka. Mwaka uliofuata Kenya ilifanya jambo ambalo halisemwi vya kutosha kwenye vitabu vya shule. Ilianza mpango wa barabara za vijijini, ukisaidiwa na Shirika la Kazi Duniani na wafadhili kadhaa, na ikaamua kwa makusudi kutumia watu na jembe badala ya mashine kubwa. Tofauti na enzi za chifu, mtu alikuja kwa hiari, akapimiwa kazi ya siku, akalipwa. Matrekta ya shambani yenye tela yalibeba changarawe. Hadi katikati ya miaka ya themanini, kama kilomita 8,000 za barabara zilikuwa zimejengwa namna hiyo.

Uzuri wa mpango ule ulikuwa kwenye kilichofuata. Barabara ikiisha, mmoja wa waliojenga aliachiwa kipande cha kama kilomita moja na nusu au mbili karibu na nyumbani kwake. Alilipwa kwa siku chache kila mwezi, azibue mitaro, afyeke nyasi, azibe mashimo yakiwa bado madogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa palikuwa na mtu anayelipwa kuuziba ufa, na majirani walimjua kwa jina. Greda lilikuja mara moja moja tu. Pesa za matunzo zilipoanza kuchelewa, mtu yule aliweka jembe chini, kama ambavyo ungefanya wewe. Barabara ikarudi kungoja greda.

Katiba ya 2010 ilizipa kaunti barabara zake, na mwaka wa 2013 magavana wa kwanza waliingia ofisini. Waliyokuta yadini yalikuwa magreda mzee, mengine yakiwa yameshaliwa. Kwa hivyo kila kaunti ilitaka yake. Unazikumbuka hizo picha: magreda mapya yamepangwa mstari, riboni, bendera, mheshimiwa kapanda kebini na kofia ya plastiki. Picha ya mtu akinunua sili, chujio na ngoma tatu za oili haipigwi, kwa sababu hakuna wa kuikatia riboni. Pembeni ya hayo lilikua soko la watu binafsi, wakandarasi wadogo na vikundi, wanaotaka kununua greda kuukuu ili wakodishe kwa kaunti na kwa mashamba. Hao ndio huwaandikiwa matangazo yangu.

Mwaka juzi nilikuwa Nyandarua, kwetu. Ni kaunti ya viazi, na ukitaka kujua viazi na matope vinavyojuana, njoo Ol Kalou wakati wa mvua za Aprili. Lori likikwama siku mbili, mnunuzi anakata bei au anarudi mjini, na gunia linaanza kutoa maji. Chama kimoja cha wakulima kilikuwa kimechoka. Walikuwa wamechanga kwa miaka minne, pesa za viazi na maziwa, na sasa walitaka kuweka arbuni ya greda kuukuu lililokuwa kwenye yadi moja ya Nairobi. Walinipigia kwa sababu walisikia najua mambo ya mashine. Ninachojua ni maneno ya mashine, basi nikawaomba twende na mzee mmoja wa kijijini, fundi aliyestaafu kazi ya serikali, ambaye wote tunamwita Guka.

Dalali alitupokea vizuri. Injini ilikuwa inanguruma tayari. Guka hakumjibu salamu mara moja, aliweka kiganja ubavuni mwa injini, akasema, "Hii mmeiamsha saa ngapi? Izimeni. Tutarudi saa nane ikiwa imepoa." Baadaye akanieleza kwamba injini ikiwa moto huficha maradhi. Ikiamshwa baridi ndipo utaona kama inaumia kuwaka, na kama moshi ni wa buluu, yaani inakunywa oili.

Tuliporudi alianza na kibati cha nambari. Nambari za 140G nyingi huanza na 72V, na aliilinganisha na nyaraka za dalali. Mita ya masaa hakuiangalia hata. "Mita ni ya kununua," alisema. Aliangalia mpira wa pedali ulivyoliwa na mahali mkono wa opareta ulipofuta rangi kwenye vishikio. Injini ikiwa inanguruma, alifungua kifuniko cha oili akaona inavyopumua. Akamwambia opareta ainue bledi hewani azime, akasubiri kuona kama itashuka yenyewe. Kisha akaomba mtaimbo.

Bledi ya greda hushikwa na duara kubwa la chuma lenye meno kama gia, ndilo linaloigeuza. Guka aliingiza mtaimbo kati ya duara na vishikio vyake, akausukuma. Duara likacheza juu na chini, na sauti yake ilikuwa kama ya mlango mbovu. Alituita tuone. Akasema nafasi ile ya kucheza ndiyo inayoonekana barabarani: bledi inarukaruka badala ya kukwangua, na barabara unayoiacha nyuma inakuwa kama mabati ya kuezekea. Umelipa dizeli kutengeneza mawimbi. Hilo lingeweza kurekebishwa, pesa ikiwepo. Alifungua pia kizibo cha oili cha yale masanduku yanayobeba magurudumu ya nyuma, akachovya kidole, akakiinua juani. Kulikuwa na vumbi linalong'aa. Chuma kilikuwa kinakula chuma.

Ila kilichomfanya anyamaze kilikuwa kwenye maungio ya katikati, pale fremu inapojikunja. Alikwangua rangi mpya kwa funguo zake. Chini yake palikuwa na weldingi, ndefu kama mkono, na juu ya hiyo weldingi nyingine.

Akamuuliza dalali, kwa upole kabisa: "Hili lilikaa na nani?"

Dalali alisema kampuni. Kampuni gani? Ya barabara. Barabara gani? Akasema aulize mwenyewe, mwenyewe hakupatikana kwenye simu. Guka akapangusa mikono, akawaambia wanachama kwamba yeye hajakataza, pesa ni zao, ila mashine isiyojulikana ilikotoka ni mbuzi kwenye gunia, na huyu anasikika akikohoa.

Kwenye matatu ya kurudi palikuwa na mabishano. Vijana wengine walisema Guka ni wa kizamani, kila kuukuu lina weldingi, na chama kikikaa kikiogopa hakitanunua kitu. Walikuwa na hoja. Greda kamili kwa bei ile halipo duniani. Mweka hazina, mama wa makamo ambaye hakuwa amesema lolote tangu asubuhi, aliuliza swali moja: "Nyinyi, kwani tulikuwa tunatafuta greda ama barabara?"

Pesa za arbuni zilirudi na wao. Mkutano uliofuata walikubaliana kukodi greda la mtu siku nne kabla ya mvua, na kuwalipa wawili kati ya wanachama wazibue mitaro kila mwezi. Nilipowaambia kwamba serikali ilikuwa na mpango kama huo huo kuanzia 1974, mzee mmoja alicheka akasema mimi ndiye nimejua juzi. Yeye alikuwa mmoja wa waliolipwa, na kipande chake kilianzia kwenye daraja. Bado wapo wanachama wanaotaka greda, na huenda siku moja wakanunua. Sitashangaa, wala sitawalaumu. Kukodi nako kuna foleni, na mwenye greda lake hahitaji kumbembeleza mtu Aprili ikifika.

Ila wakinunua, nadhani watauliza tofauti na wanunuzi wengi, na maswali yenyewe si siri. Greda lilifanya kazi wapi: kwenye mchanga, kwenye mawe, au shambani? Opareta wake alikuwa mmoja au kila aliyepita? Kuna daftari la oili na grisi, hata kama limechafuka? Spea za aina hiyo ziko Nairobi au zinaagizwa? Fundi anayeijua anaishi umbali gani, na atakapozeeka nani amemfundisha? Tairi ni sita, na bei ya sita umeipiga hesabu? Kati ya bei ya kununua na pesa zote ulizo nazo, umebakisha kiasi gani cha mwaka wa kwanza? Ukikosa jibu la hilo la mwisho, yaliyobaki hayana maana.

Maswali haya haya yangeulizwa London mwaka wa 1946, Wagogo wangebaki na miti yao. Yangeulizwa kwenye kila mkopo uliotuletea greda na rafu yake ya spea, yadi zetu zingekuwa na nafasi. Na yanaweza kuulizwa leo kwenye bunge la kaunti, siku bajeti inaposomwa. Mwananchi yeyote anaruhusiwa kukaa pale juu kwenye roshani kusikiliza. Mwakilishi wa wadi akisimama kuomba pesa za greda, muulizeni baadaye nje, kwa adabu, ya grisi ameandika ngapi na ni nani atakayeipaka.

Mimi bado naandika matangazo, kodi hailipwi kwa insha. Ila siku hizi nikipokea picha namuomba dalali sentensi moja zaidi: lilikaa na nani. Wengi hawajibu. Mmoja alijibu, na alinitumia picha ya daftari la kurasa za mistari, mwandiko wa opareta, tarehe na lita za oili kwa miaka kumi na moja mfululizo. Greda lenyewe lilikuwa na rangi iliyopauka na kioo kimoja kimepasuka. Liliuzwa wiki hiyo hiyo.